Mwanangu ni andagraundi na hataki redio. Ameshindwa kutoka, au ana hesabu zake?

*Swali: Kaka, nina kijana wa miaka 20. Amemaliza kidato cha sita, mchana anauza vifaa vya simu, usiku anarekodi rap chumbani kwake. Nilimshauri apeleke nyimbo zake redioni kama wenzake wanavyofanya, akanijibu, "Mama, mimi ni andagraundi." Mjomba wake anasema hilo ni jina la watu walioshindwa kutoka. Jirani yangu anasema ni muziki wa bangi na matusi. Mwenyewe anadai hafuati hela, ila juzi kaniomba hela ya maikrofoni. Naomba unieleweshe hii andagraundi ni kitu gani, na je, nimpe hiyo hela? – Mama wa Kihonda, Morogoro.*

Dada yangu, nianze na mjomba, kwa sababu kati ya wote wanaokushauri yeye ndiye aliye karibu na ukweli, na bado amekosea.

Nadhani mjomba alikuwa kijana miaka ya tisini au elfu mbili mwanzoni, na anachokuambia ndicho alichokiona kwa macho yake. Mpaka mwaka 1993 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu ya taifa, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam). Sheria ya utangazaji ya mwaka huo ikafungua mlango kwa redio binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, nyingine zikafuata. Rap ilikuwa imeshafika mitaani kabla yao: Saleh J alikuwa amekwishaichana, yaani kuirap, "Ice Ice Baby" kwa Kiswahili mwaka 1991, na Kwanza Unit walijiunga kuwa kundi 1993. Wakati huo hakukuwa na andagraundi wala staa. Wote walikuwa vijana wanaochana kwenye disko za mchana na mashindano ya mitaani, na wazazi wao walikuwa na maswali kama yako.

Redio zilipoanza kupiga rap ya Kiswahili ndipo wachanaji walipogawanyika, waliopigwa upande huu na wasiopigwa upande ule. Njia ikawa moja. Unachangisha hela ya studio, unarekodi demo, unampelekea mtangazaji, unasubiri. Ukipigwa, unaitwa kwenye shoo. Ukikubalika kwenye shoo, msambazaji wa Kariakoo ananunua masta yako (rekodi halisi ya wimbo) kwa bei anayoitaka yeye na kutoa kaseti. Aliyekwama popote katika njia hiyo ndiye aliyeitwa andagraundi. Kwenye matamasha alipandishwa jukwaani mapema, watu wakiwa bado getini wanakaguliwa, na akashushwa hata wimbo haujaisha mara mastaa walipowasili. Kwa mtu wa zama za mjomba, basi, andagraundi ni foleni, na mtu anayejisifu kuwa yuko kwenye foleni lazima aonekane wa ajabu.

Mjomba hakuwepo pale foleni ilipoanza kuachwa na watu kwa hiari yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Tamaduni Muzik, akina Nikki Mbishi, One the Incredible, Songa na mtayarishaji wao Duke, walikuwa wakitoa kanda mseto (mixtape) zao wenyewe, wakiandaa vilinge, yaani mikusanyiko ya kuchana, vyao wenyewe na kuuza sidii mkono kwa mkono. Hawa hawakuwa watu walioshindwa kuandika kiitikio cha kuimbika. Mchanaji mwenye uwezo ule angeweza kutafuta mwimbaji wa kumpambia wimbo na kuupeleka redioni, na wapo waliofanya hivyo wakafanikiwa, wala sioni aibu ndani yake. Wao walichagua njia nyingine. Mwaka 2011 hata Sugu, ambaye alikuwa na jina kubwa tangu tisini na wakati huo ameshakuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alishirikiana na kundi la Vinega kutoa kanda mseto ya Anti Virus, kupinga jinsi muziki ulivyokuwa umeshikwa na redio na mapromota. Utamwita Sugu msanii chipukizi ambaye hajatoka?

Kwa hiyo unapotaka kumjua andagraundi usiulize anajulikana kiasi gani. Uliza nani ana neno la mwisho. Nani anaamua wimbo gani utoke na lini, uwe na dakika ngapi, uwe na kiitikio au usiwe nacho, maneno gani yabaki na yapi yakatwe? Nani anashika masta? Nani anapokea hela kwa mnunuzi? Ikiwa majibu yote ni "mimi na wenzangu", huyo ni andagraundi hata kama anajaza ukumbi. MF DOOM, mchanaji aliyekulia Marekani, alijulikana dunia nzima akiwa na kinyago usoni, na alibaki andagraundi hadi anafariki mwaka 2020. Kwa upande mwingine, kijana ambaye kila asubuhi yuko mlangoni kwa mtangazaji na bahasha mkononi hajawa andagraundi kwa sababu tu hakuna anayemjua. Huyo ni msanii wa redio ambaye redio haijamwita.

Sasa mjomba naye nimpe haki yake. Wapo, tena wengi, wanaojificha nyuma ya jina hili. Utamtambua mtu wa namna hiyo kwa jambo dogo: hatoi kazi. Ana nyimbo arobaini kwenye simu, zote "bado hazijakamilika", na kwake yeye, kila aliyetoka ni feki. Andagraundi wa kweli ana kazi nyingi kupita kiasi kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia asubiri. Muulize mwanao ametoa nini mwaka huu ambacho mtu baki, asiye rafiki yake, anaweza kukisikiliza leo jioni. Jibu lake litakuonyesha upande aliopo.

Nije kwa jirani na matusi yake.

Los Angeles, mwishoni mwa 1989, mama mmoja aitwaye B. Hall na mwanawe walianzisha usiku wa maiki huru kila Alhamisi kwenye mgahawa wa vyakula vya afya ulioitwa Good Life Cafe. Vijana wa mtaa walikuja kwa mamia kuchana. Mji wenyewe ndio uliokuwa ukitoa rap ya magenge iliyokuwa ikitikisa Marekani nzima, yenye matusi yaliyofanya kanda zibandikwe onyo kwa wazazi. Mle ndani kwa B. Hall kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kutukana. Ukiteleza, unashuka. Na ukichana ovyo, hata bila tusi, ukumbi mzima ulikuimbia utoe maiki kwa mwingine. Fat Joe, aliyekwenda pale kutoka New York akiwa na jina lake, aliimbiwa hivyo hivyo. Humo ndimo walimokulia Freestyle Fellowship, watu waliobadilisha kasi na mapigo ya kuchana kiasi kwamba wengine walikuja kuwaiga bila kujua wanamwiga nani. Tuseme wazi basi: matusi yalikuwa kwenye kanda zilizouzwa mamilioni, na andagraundi ilikuwa imekatazwa kutukana na mama wa mtu.

Ila sitakudanganya kwamba andagraundi ni madrasa. Miaka hiyo hiyo, mjini Memphis, akina DJ Spanish Fly, DJ Squeeky, DJ Paul na Juicy J walikuwa wakitengeneza kaseti nyumbani na kuziuza mitaani na kwenye maduka ya redio za magari. Zilikuwa kaseti za giza: mauaji, mashetani, madawa, ngono. Hazikuwa na ujumbe wa kujenga taifa. Na zilikuwa andagraundi tupu, kwa maana ileile niliyokuambia: walizitengeneza wao, wakaamua wao, wakauza wao. Wawili wa mwisho, pamoja na Lord Infamous, ndio waliounda Three 6 Mafia, kundi lililochukua tuzo ya Oscar mwaka 2006 kwa wimbo wa filamu.

Kwa hiyo jina la andagraundi halikuambii mtu anasema nini. Kuna andagraundi wa dini, wa mapenzi, wa bangi, wa falsafa, wa vichekesho. Njia pekee ya kujua mwanao anasema nini ni kumsikiliza, na si kwa kupita mlangoni. Kaa, mwambie akuandikie mashairi yake, usome. Wachanaji wengi hawajawahi kuombwa hivyo na mzazi hata mara moja.

Kuna ndugu wa dhana hii ya jirani ambaye huvaa nguo nzuri zaidi: kwamba andagraundi ndiyo rap ya ukombozi na redioni kuna mapenzi tu. Wapenzi wa hip hop wa kwetu wanaipenda sana hii na mimi huwa inanichosha. "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, ile ya mgombea anayeahidi kila kitu, ilipigwa redioni na ikaimbwa nchi nzima. Nay wa Mitego alipokamatwa Machi 2017 kwa sababu ya "Wapo", hakuwa mchanaji wa vichochoroni, alikuwa staa. Nairobi, Kalamashaka wa Dandora walitoboa redioni na "Tafsiri Hii" miaka ya tisini mwishoni, wimbo kuhusu maisha magumu ya mtaa wao. Baadaye wao na wenzao wa Mombasa wakajikusanya katika Ukoo Flani Mau Mau na kwenda njia yao wenyewe, na walichokuwa wakikisema hakikugeuka. Kilichobadilika ni nani anashika usukani.

Hela, sasa. Hapa aliyekosea ni mwanao mwenyewe, na nataka umwonyeshe aya hizi.

Hili la "hafuati hela" sijui vijana walilitoa wapi. Kwa sehemu kubwa, andagraundi ni historia ya watu waliotaka hela yao yote badala ya kupewa kipande. Too Short wa Oakland, miaka ya themanini, alikuwa akitengeneza kaseti za oda yeye na rafiki yake: mteja analipa, anatajwa jina lake ndani ya wimbo, anaondoka na kaseti yake. E-40 wa Vallejo, mji wa jirani, aliuza kanda kutoka kwenye buti la gari kwa lebo ya familia yake, mpaka kampuni kubwa ya Jive ilipomfuata 1994, na alipokaa mezani alikuwa na hesabu zake mkononi. Houston, DJ Screw aliuza kaseti zake za mwendo wa pole nyumbani kwake, magari yakipanga foleni nje, na 1998 akafungua duka la kuuza kanda zake tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Nipsey Hussle, mchanaji wa Los Angeles, Oktoba 2013. Alitoa kanda mseto iitwayo Crenshaw. Mtandaoni aliiweka bure, kila mtu apakue. Halafu akachapisha nakala 1,000 na kuziuza dola 100 kila moja. Watu walimcheka, nani atanunua kwa dola mia kitu kilichopo bure? Ziliisha ndani ya siku moja. Jay-Z peke yake alinunua 100. Fanya hesabu: dola 100,000, kutoka kwa watu elfu moja au pungufu. Nipsey alikuwa ameelewa kwamba hahitaji kupendwa na nchi nzima. Anahitaji watu wachache wanaompenda kweli, na njia ya wao kumlipa bila kupita kwa mtu wa kati.

Hiyo ndiyo hesabu ya andagraundi wa Bongo pia, ingawa kwa shilingi. Ukienda kwenye kilinge utaiona: mchanaji akishamaliza kuchana hapotelei nyuma ya jukwaa. Anashuka, anasimama pembeni na begi lake, sidii ziko ndani zimefungwa kwa raba, fulana chache zimekunjwa juu. Mtu anakuja, wanasalimiana kwa jina, anatuma hela kwa simu, mchanaji anatazama ujumbe wa muamala, anasaini juu ya kasha, wanapiga picha. Asiye na mahali pa kuchezeshea sidii, na siku hizi ni karibu kila mtu, anatumiwa kiungo cha albamu WhatsApp palepale. Namba ya mnunuzi inabaki kwenye simu ya mchanaji. Albamu ijayo, kabla haijatoka, mtu huyo anaandikiwa yeye binafsi. Chukua watu 250 wa namna hiyo, kila mmoja atoe shilingi 10,000: ni milioni mbili na nusu, na hakuna aliyekata kitu zaidi ya makato ya muamala. Wimbo uliosikilizwa mara 250 kwenye programu za muziki hauwezi kununua hata vocha ya maana. Na mtu aliyepigwa redioni wiki tatu mfululizo anaweza kuwa hana namba ya simu ya msikilizaji hata mmoja.

Wala usafi wa fedha si sharti. Rawkus, lebo ya New York iliyotoa Funcrusher Plus ya Company Flow mwaka 1997, albamu ambayo wengi huitaja kama msahafu wa kujitegemea, ilikuwa na mtaji wa James Murdoch, mtoto wa Rupert Murdoch mwenye magazeti na televisheni. Kila ninapowakuta vijana wakibishana kijiweni nani ni andagraundi halisi na nani kauza roho, huwa nawakumbusha hiyo lebo, na kimya hutanda kwa dakika nzima.

Wala redio yenyewe si adui wa kuzaliwa naye. Kuanzia 1990 hadi 1998, wachanaji wa New York ambao hawajasaini popote walikuwa wakienda usiku wa manane wa Alhamisi kwenye redio ya chuo kikuu cha Columbia, kwa Stretch Armstrong na Bobbito. Nas, Biggie, Jay-Z na Wu-Tang walipita pale kabla ya dunia kuwajua. Kipindi kilianza saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na watu walikuwa wakirekodi kaseti na kuazimana wiki nzima. Ilikuwa redio, lakini hakuna aliyemwambia mtu afupishe mashairi. Mwanao akipata kipindi cha namna hiyo, kwenye redio yoyote, hata ya mkoani, aende. Hapotezi chochote.

Kuna shutuma moja hukuiuliza, ila utaisikia kwa wazee wa familia: kwamba haya ni mambo ya kuiga Wamarekani. Kwenye mavazi siwezi kubisha. Ila kwenye kazi yenyewe ya mashairi, andagraundi wa Kiswahili ndio waliorudi nyumbani kuliko wote. Fid Q wa Mwanza aliita albamu yake ya kwanza Vina Mwanzo Kati na Mwisho, na mwalimu yeyote wa ushairi anajua maneno hayo yametoka darasa gani. Nash MC, ambaye mashabiki humwita Maalim, amejenga jina lake kwa kuchana Kiswahili kitupu bila kuchomekea Kiingereza. Dizasta Vina anasimulia visa virefu vyenye wahusika na mgogoro, na msikilizaji anabaki akibishana na mwenzake nani alikuwa na hatia.

Nikuonyeshe kwa mfano. Mistari hii miwili nimeitunga hapa hapa, usimtafute mwenyewe:

*Baba mwenye nyumba agonga, nimejikunja mvunguni,*
*Kaba ya kodi yanisonga, roho imefika kooni.*

Hesabu mizani: tisa kwa tisa kila mstari. Vina viko mwanzoni, baba na kaba. Katikati, agonga na yanisonga. Mwishoni, mvunguni na kooni. Bibi yako angeikubali kama shairi. Halafu mchanaji anaongeza anayoyajua yeye. Kaba ni ya shingo ya nguo, lakini msikilizaji wa mjini akisikia neno hilo anawaza pia kukabwa njia panda usiku, na zote mbili zinaishia shingoni, ambako mstari unakwenda kumalizikia. Na akiwa kwenye biti (mdundo wa wimbo), "agonga" ataiangusha pale ngoma inapopiga, ili mlango ugongwe kweli. Mashairi ya namna hiyo yanataka usikilize mara tatu. Wimbo wa kupigwa klabu unataka ukushike mara ya kwanza. Ni kazi mbili tofauti, na anayeweza zote mbili ni nadra. Wengi wa andagraundi wamechagua ya kwanza kwa kujua kabisa kwamba wanapoteza wasikilizaji wa kupita njia.

Kuhusu wanaosema andagraundi ni sauti mbovu: zamani ilikuwa kweli, kwa sababu ya umaskini wa vifaa, na Memphis ule mkwaruzo wa kaseti umekuja kupendwa mpaka watu wanautengeneza kwa makusudi kwenye kompyuta. Leo programu anayotumia mtayarishaji wa chumbani Kihonda ndiyo anayotumia wa studio kubwa. Sauti mbovu sasa ni uvivu. Na wanaosema ni muziki wa wanaume, Bongo ilikuwa na Zay B na Sister P wakipambana kwa mistari tangu elfu mbili mwanzoni, na Project Blowed ya Los Angeles, iliyorithi Good Life, ilikuwa na Medusa, mchanaji wa kike. Waliopo ni wachache kuliko wanaostahili kuwepo, hilo nakubali, na sababu mojawapo ni kwamba vilinge vinaisha usiku na wazazi wanawazuia mabinti.

Sasa tufike kwenye fedha zako, dada yangu.

Kabla ya maikrofoni kuna karatasi. Kuwa andagraundi hakumtoi mtu kwenye sheria: msanii anatakiwa kusajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na kazi zake ni vizuri zisajiliwe COSOTA (ofisi ya hakimiliki), maana siku wimbo wake ukitumika kwenye tangazo bila ruhusa, usajili huo ndio ushahidi wake. Muulize pia biti anazipata wapi. Akikuambia "YouTube, za bure", hapo pana shimo. Nyingi ya hizo ni bure kwa kujaribia tu. Ukianza kuingiza hela, mwenye biti anaweza kudai, na mapato ya video yako yakaenda kwake. Biti hiyohiyo pia inaweza kuwa imeshachanwa na watu mia. Afadhali atafute mtayarishaji wa hapo hapo Morogoro, wakae, waandikiane mgawanyo: mashairi asilimia ngapi, biti asilimia ngapi, masta inakaa kwa nani. Karatasi moja, saini mbili. Wasipokuwa na karatasi, hata ujumbe wa WhatsApp ulioandika mgawanyo na kujibiwa "sawa" ni bora kuliko kuaminiana. Makundi mengi niliyoyaona yakivunjika hayakuvunjwa na redio wala wasambazaji. Yalivunjwa na wimbo uliofanikiwa ambao hakuna aliyekuwa ameandika ni wa nani.

Maikrofoni mpe, lakini mwambie asinunue ile anayoitaka. Najua anataka ya kondensa, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video za studio. Inanasa kila kitu: feni, bodaboda, jogoo wa jirani, mvua kwenye bati. Kwenye chumba cha kawaida kisichotengenezwa, ya dainamiki, ile ya kushika mkononi ya jukwaani, itampa sauti safi zaidi kwa hela ndogo, kwa sababu inasikiliza kilicho karibu na mdomo tu. Hela itakayobaki ampe mtu anayejua kuchanganya sauti amfanyie nyimbo mbili vizuri. Na kabla hujatoa chochote, mwambie afungue kabati la nguo, aingize simu kati ya mashati, achane wimbo mmoja mzima bila kukata, akuletee usikilize. Nguo zinameza mwangwi, atapata sauti kavu ya kutosha kujua kama wimbo upo au haupo. Akirudi na wimbo, mpe hela akuandikie na tarehe ya kutoka. Akirudi na maelezo ya kwa nini simu haifai, mpigie mjomba.